Afya Nyumbani: Magoti ya Mama wa Milimani



Mwezi huu tumependa kuzungumzia maungo ya mwili, yaani zile sehemu ambapo mfupa hukutana na mfupa mwenzake, pamoja na gegedu, kano na tishu zote zinazoishikilia mifupa isiachane. Tumelichagua jambo hili tukiwafikiria hasa akina mama wa milima ya Usambara. Anayeifahamu Lushoto anajua kwamba huko njia tambarare ni chache sana. Barabara ya kutoka Mombo inaanza kupanda kwa kona baada ya kona mpaka Soni, na kutoka hapo ndipo unagawanyika mwendo, huyu anaelekea Bumbuli, yule Lushoto mjini, na wengine wanaendelea Magamba, Mlalo hadi Mtae. Nyumba ipo juu, kisima kipo bondeni, shamba lipo mlima wa pili, na soko lipo mbali kuliko vyote. Kila siku mama anapanda na kuteremka akiwa na ndoo, mzigo wa kuni, tenga la kabichi au mtoto mgongoni, na mara nyingi viwili kwa pamoja.

Si ajabu basi kwamba mama akishafika umri wa miaka hamsini, na wengine hata kabla, malalamiko yake ya kwanza ni magoti. Lakini jibu analopewa ndilo linalotusikitisha. Huambiwa, "Ni uzee tu, vumilia." Au, "Ni baridi ya huku kwetu." Wapo wanaoambiwa kwamba wametupiwa kitu, na fedha ya mboga inaishia kwa waganga. Basi mama anavumilia, anameza vidonge vya dukani, na anabeba ndoo nyingine. Siku anaposhindwa kabisa kuinuka kitandani ndipo watu wa nyumbani wanagundua kwamba nyumba nzima ilikuwa imesimama juu ya magoti yale mawili.

Sisi tunaamini kwamba mwili ni kazi ya mikono ya Mungu na kwamba kuufahamu ni sehemu ya kumshukuru. Kwa hiyo hebu kwanza tujue kiungo kimetengenezwaje, halafu tuone tufanye nini.

Somo lililopo jikoni

Mama yeyote aliyewahi kukatakata kuku amekwisha kuviona vitu tunavyotaka kuvieleza. Ukitenganisha paja na mguu wa kuku, unakuta ncha za mifupa zimefunikwa na kitu cheupe, laini na chenye kuteleza. Hicho ndicho gegedu. Pembeni kuna nyuzi nyeupe ngumu ambazo kisu kisipokuwa kikali hazikatiki. Nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa huitwa ligamenti. Zile zinazounganisha nyama, yaani misuli, na mfupa huitwa kano. Watoto wanaujua mchezo wa kuchukua mguu wa kuku uliokatwa na kuvuta uzi mweupe uliochomoza, na vidole vyake vikajikunja. Uzi ule ni kano, na vidole vyetu sisi hujikunja kwa namna hiyo hiyo. Nyama inayovuta ipo huku kwenye mkono, karibu na kiwiko, na kamba zake zinapita kwenye kifundo mpaka vidoleni.

Vitu hivi vyote ni jamii moja, nayo huitwa tishu unganishi. Uzi wake mkuu ni protini iitwayo kolajeni. Kwa jumla, karibu theluthi moja ya protini yote iliyomo mwilini ni kolajeni. Ukichemsha makongoro kwa muda mrefu na supu yake ikapoa usiku, asubuhi unaikuta imeganda na kutikisika. Kinachoigandisha ni kolajeni iliyoyeyuka kutoka kwenye kano na ngozi za kwato.

Mtu mzima ana mifupa 206, na mifupa hiyo haiungani kwa namna moja. Kiwiko hukunjuka na kukunjika kama bawaba ya mlango. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho kimekaa ndani ya shimo, ndiyo maana mguu unaweza kwenda mbele, nyuma na pembeni. Pingili za uti wa mgongo zimepangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake kuna mito ya gegedu inayopunguza kishindo.

Goti ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote. Hapo mfupa wa paja unakaa juu ya mfupa wa ugoko, na mbele kuna pia ya goti. Mifupa hiyo haikushikana kwa umbo lake, kwa sababu ya juu ina ncha za mviringo na ya chini ina uso ulio bapa. Kinacholishikilia goti ni ligamenti nne kubwa: moja kila upande, na mbili ndani zinazopishana kama msalaba. Katikati ya mifupa hiyo kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo kazi yake ni kutandaza uzito usilale mahali pamoja.

Kiungo kizima kimezungushiwa mfuko, na ndani ya mfuko huo mna ute wa kulainisha. Ute huo ni kidogo sana. Katika goti lenye afya hauzidi kijiko kimoja cha chai. Lakini bila huo ute goti lingelia kama gurudumu la mkokoteni lisilotiwa mafuta.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kutoka kwenye ule ute. Unapokanyaga, gegedu linabanwa na kutoa maji yaliyotumika. Unapoinua mguu, linafumuka na kunyonya maji mapya yenye chakula, sawasawa na sifongo unapooshea vyombo. Maana yake ni kwamba kiungo kisichotembezwa kinakufa njaa. Na maana yake nyingine ni kwamba gegedu likiumia, halina damu ya kuliponya upesi kama ngozi ya kidole inavyopona. Tena halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo linaweza kulika kwa miaka mingi bila kuuma. Maumivu yanapoanza, kazi ya kuharibu ilikwisha kuanza zamani.

Kwa nini kuteremka kunauma kuliko kupanda

Akina mama wengi hushangaa kwamba wakipanda wanahema tu, ila wakiteremka ndipo magoti yanapowaka moto. Sababu yake inaeleweka. Ukipanda, moyo na mapafu ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Ukiteremka, msuli wa mbele ya paja unakuwa breki. Unazuia mwili usianguke mbele, na unapozuia unaikandamiza pia ya goti kwenye mfupa wa paja.

Wataalamu wa Ujerumani waliwahi kupima jambo hili kwa wagonjwa waliowekewa magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake, nao walitoa matokeo mwaka 2010. Walikuta kwamba mtu akitembea mahali tambarare, goti linapokea nguvu ya karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Akishuka ngazi, inazidi mara tatu. Hebu tufanye hesabu ya haraka. Mama mwenye kilo 60 amebeba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20. Jumla ni kilo 80. Anapoteremka, kila hatua inaweza kulipa goti moja mzigo wa kilo zaidi ya 240. Hiyo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi, na hatua hizo anazihesabu kwa mamia kila siku ya Mungu.

Ndiyo maana tunasema hili si suala la uzee peke yake, wala si baridi. Baridi inaweza kufanya maungo yasikie ukakamavu asubuhi, lakini haili gegedu. Linaloliwa linaliwa na mzigo usiogawanywa.

Maumivu si ya aina moja

Ni vema mama aweze kutofautisha, ili asitibu kitu kimoja kwa dawa ya kingine.

Kuna maumivu ya kulika kwa gegedu. Haya huja polepole, huzidi ukifanya kazi na hupungua ukipumzika. Asubuhi kiungo kinakuwa kigumu, lakini ukitembeatembea kwa dakika chache, isiyozidi nusu saa, kinalegea. Huwapata zaidi akina mama waliokoma hedhi, waliowahi kuumia goti, na wenye uzito mkubwa.

Kuna baridi yabisi halisi, ambayo kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kuushambulia utando wa ndani ya maungo. Hii huanza mara nyingi kwenye vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili kwa pamoja. Asubuhi ukakamavu huchukua saa nzima au zaidi, na mama hawezi hata kufunga kanga. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na inaweza kumpata hata msichana. Huyu asicheleweshwe, maana zipo dawa za hospitali zinazouzuia ugonjwa huu usipinde vidole, lakini zinafaa zaidi zikianzwa mapema.

Kuna jongo, ambalo huja ghafula usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na kuuma kiasi kwamba hata shuka haiguswi.

Na kuna homa zinazoshika maungo. Mojawapo imetoka hapa hapa nchini kwetu, nayo ni chikungunya. Iligunduliwa katika uwanda wa juu wa Wamakonde, huko kusini, wakati wa mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953. Jina lake ni la Kimakonde, na maana yake ni kupindika, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Leo madaktari wa dunia nzima hulitumia neno hilo. Ugonjwa huo huletwa na mbu wanaouma mchana, na maumivu yake yanaweza kubaki miezi mingi baada ya homa kuondoka. Kwa hiyo mtu akiwa na homa na maungo yakauma, asimeze dawa ya malaria kwa kukisia, bali apimwe.

Kwa mama mjamzito

Mungu ameweka utaratibu wa ajabu katika mwili wa mama. Anapokuwa mjamzito, mwili wake hutoa homoni zinazolegeza ligamenti, hasa zile za mifupa ya nyonga, ili mtoto apate njia. Lakini homoni hazichagui. Ligamenti za mgongo na za miguu nazo hulegea kiasi, na wakati huo huo tumbo linavuta mwili mbele. Ndiyo sababu mjamzito huumwa kiuno na huteguka mguu kwa urahisi.

Basi mama mjamzito kubeba ndoo kichwani akiteremka njia ya matope si jambo la kuonea fahari kwamba "yule mkwe wetu ni hodari". Ni hatari kwake na kwa mtoto. Tunawaomba akina mama wakwe, kwa upendo, wawe wa kwanza kulisema hili nyumbani. Neno la mama mkwe lina uzito kuliko la nesi.

Kwa watoto: mambo matatu ya kutosubiri

La kwanza ni mtoto aliyezaliwa na nyayo zimegeukia ndani. Duniani kote, karibu mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa hivyo. Si laana, si dhambi ya wazazi, na mama hakukosea kitu chochote. Wakati wa kuumbwa, ligamenti na kano za upande wa ndani wa mguu zilibaki fupi. Habari njema ni kwamba kano za mtoto mchanga bado ni laini. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba mguu huo unaweza kunyooshwa taratibu kwa mikono, kisha ukafungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, na plasta hiyo ikabadilishwa kila wiki. Kwa kawaida zinatosha plasta tano au sita hivi. Mara nyingi daktari hukata kidogo kano ya kisigino, nayo hujiunga yenyewe ikiwa ndefu zaidi. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mwanzoni karibu saa zote, kisha wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka minne hivi. Hapo ndipo wazazi wengi huchoka, wanaviacha viatu, na mguu unarudi ulivyokuwa. Tusichoke. Matibabu haya yanapatikana hapa nchini, kwa mfano katika hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam, na uanzie kuuliza katika hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe. Mtoto apelekwe katika majuma ya kwanza. Akifichwa ndani mpaka aanze kutambaa, kazi inakuwa kubwa zaidi.

La pili ni mtoto wa umri wa shule, miaka mitano hadi kumi na mitano, ambaye aliumwa koo, akapona, kisha baada ya majuma mawili au matatu akapata homa na maumivu ya maungo yanayohama. Leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Wazazi husema ni maumivu ya kukua, au amecheza mpira sana. Lakini hii inaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Hatari yake haimo kwenye maungo, kwa kuwa hayo hupona kabisa. Hatari ni kwamba vali za moyo nazo zimetengenezwa kwa tishu unganishi, na ugonjwa huu huzishambulia kimyakimya. Mtoto anaonekana amepona, na miaka kumi baadaye, akiwa msichana mwenye mimba yake ya kwanza, anashindwa kupumua kwa sababu ya vali zilizoharibika. Yote hayo huanzia kwenye koo ambalo halikutibiwa. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa azimalize. Akigundulika ana homa hii, atachomwa sindano za penisilini kila baada ya majuma matatu au manne kwa miaka kadhaa. Asikose hata moja.

La tatu ni kiungo kimoja kilichovimba ghafula, chenye moto, mtoto ana homa kali na hataki hata kukigusisha chini. Huenda kuna usaha ndani. Hili halingoji asubuhi, maana usaha unaweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu, na mtoto akabaki kilema. Asikandwe, asichanjwe chale, asifungwe majani. Aende hospitali siku ile ile.

Kuhusu dawa na wakandaji

Duka la dawa liko karibu kuliko hospitali, na vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni ni rahisi kupatikana. Kwa siku chache vinasaidia. Lakini mama anayevimeza kila siku kwa miezi anaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, kuharibika figo na kupandisha shinikizo la damu. Mjamzito asivimeze bila kuandikiwa na daktari, kwani vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hatari zaidi ni vile vidonge vidogo vya deksamethasoni na prednisoloni, ambavyo wengine huvinunua kwa sababu vinaondoa maumivu kama muujiza. Vikitumiwa ovyo, huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha kinga na kuifanya mifupa iwe myepesi kuvunjika. Aliyekwisha kuvizoea asiviache ghafula pia, bali amwone daktari avipunguze taratibu. Jihadhari vilevile na unga na mizizi isiyo na jina inayotembezwa mnadani, kwa kuwa hujui kilichochanganywa ndani.

Je, kukandwa? Goti gumu lisilo na homa wala uvimbe mpya likikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi hupata nafuu, na hatuoni ubaya. Lakini mguu ulioteguka leo usikandwe kwa moto wala kuvutwavutwa. Siku mbili za kwanza weka kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi, uinue mguu na uupumzishe. Na asiyeweza kukanyaga kabisa apigwe picha, huenda mfupa umevunjika. Mafundi wa jadi wa mifupa wapo na wanaheshimiwa, lakini wakifunga vijiti kwa kukaza mno damu hukosa njia. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, fungua mara moja na ukimbilie hospitali.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, tuimarishe msuli wa paja, maana huo ndio unaolibebea goti sehemu ya mzigo. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa na kiti, ushikilie hapo huku ukihesabu hadi kumi, kisha uushushe taratibu. Fanya hivyo mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wakati wa ibada ya nyumbani, kabla ya wimbo wa kwanza, familia nzima inaweza kufanya. Mwanzoni utasikia ugumu, lakini baada ya majuma sita hivi utaona tofauti.

Pili, tujifunze kuteremka. Hatua ziwe fupi, na mahali penye mteremko mkali pitia kwa kukata pembeni, si moja kwa moja. Shika fimbo imara mkononi. Ndala zilizolika soli ziachwe nyumbani, kwa kuwa kuteleza mara moja kunaweza kukata ligamenti ya ndani ya goti. Na mzigo wa ndoo moja kubwa ni afadhali ugawanywe safari mbili za madumu madogo.

Tatu, tupunguze kuchuchumaa kwa muda mrefu. Fua na uchambue mboga ukiwa umekaa kwenye kigoda kirefu kidogo. Jiko likiinuliwa kwa matofali, mama anapika amesimama. Jiko banifu linapunguza kuni, na tangi la kuvunia maji ya mvua linapunguza safari za bondeni. Milima ya Usambara haikosi mvua, na bati bila mfereji wa kukinga maji ni baraka inayomwagika bure.

Nne, chakula. Mwili hauwezi kufuma kolajeni imara bila vitamini C. Lushoto imejaliwa matunda na mboga, lakini mara nyingi yote yanapandishwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam na Tanga, na watoto wa mkulima wanabaki na ugali na chumvi. Bakiza nyumbani mapera, machungwa na mchicha. Maharage, dagaa, mayai na maziwa yanaleta protini na madini ya mifupa. Wapo wanaotuuliza kama supu ya makongoro inatibu magoti. Ni chakula kizuri, lakini tumbo huimeng'enya kama protini nyingine yoyote, haiendi moja kwa moja gotini.

Tano, uzito. Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja ambayo mtu mnene mwenye goti bovu anaipunguza, inaliondolea goti hilo mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Kupunguza kilo tano tu ni kulitua goti kilo ishirini, yaani ile ndoo nzima.

Sita, na hili ndilo gumu kuliko yote, mzigo ugawanywe. Tunajua sehemu nyingi mwanamume kuonekana na ndoo huchekwa. Lakini kuna baiskeli, kuna pikipiki, kuna mkokoteni, na kuna mabega ya vijana wa kiume wanaokula ugali ule ule. Baba, kaa chini na mama mhesabu safari za maji, kuni na soko kwa juma moja, kisha mgawane. Watoto nao wabebe kulingana na umri, kwa sababu mifupa yao bado ina gegedu laini la kukulia, na mzigo mzito kupita kiasi unaliumiza.

Mtume Paulo anapoeleza Kanisa katika Waefeso sura ya 4 anatumia mfano wa mwili uliofungamanishwa, ambamo kila kiungo kinatoa msaada kwa kadiri yake. Aliyewahi kuliona gegedu, ligamenti na kano ataelewa vema zaidi alichokuwa akisema. Hakuna kiungo kinachobeba peke yake, na kinachobebeshwa peke yake huharibika. Kama ilivyo kwa mwili, ndivyo ilivyo kwa nyumba.

Na katika Luka sura ya 13 tunasoma habari za yule mama aliyekuwa amepindika mgongo kwa miaka kumi na minane. Watu walikuwa wamekwisha kumzoea vile. Yesu alimwita, akamnyoosha siku ya sabato, na walipolalamika akawakumbusha kwamba hata ng'ombe wao huwafungua zizini siku hiyo wakawanyweshe maji. Hebu mwezi huu kila mmoja wetu amtazame mama wa nyumba yake, au bibi wa jirani, jinsi anavyoinuka kitini na jinsi anavyoteremka njia. Tukiona anashika ukuta, tusiseme tena ni uzee. Tumpokee ndoo, kisha tumsindikize hospitali.